Kununua Santuri kwa Sura ya Jalada

Wako watu wanunuao santuri wasiyopata kuisikia, wala mwimbaji wake hawamjui. Picha ya jalada imewapendeza, basi watoa fedha. Je, ni upumbavu? Hapa Ngerengere wengi watasema ndivyo, maana fedha ya nyumba haichezewi. Lakini tusihukumu upesi.

Zamani jambo hili lilikuwa gumu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, sahani zile zilitiwa katika karatasi yenye tundu katikati, na tunduni alionekana mbwa yule yule asikilizaye pembe, awe ameimba Siti au mwingine. Ilimpasa mnunuzi kuuliza wenzake, au kusikiliza dukani. Majalada yenye picha yalianza kuenea tangu mwaka 1940, Alex Steinweiss alipoichorea kampuni ya Columbia huko Marekani.

Tena Morogoro yatupa ushahidi. Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, aliiita bendi yake Cuban Marimba. Muziki wa Kuba ulikuwa umefika Afrika kwa santuri zilizojulikana kwa herufi GV na namba tu, pasipo picha ya kumvuta mtu. Na lugha yake ilikuwa Kihispania. Hata hivyo ulipokewa, ukazaa nyimbo za Kiswahili.

Twaona basi, neno kubwa si picha, ila kukubali kumkaribisha mgeni. Anunuaye siku zote jina alijualo hupata alichokitazamia, na masikio yake hayakui. Anunuaye kwa picha hujitia katika bahati, na hasara ni yake. (Ikiwa fedha ni ya karo ya watoto, hapo hatumtetei.)

Kosa liko kwingine. Mchoraji siye mwimbaji. Pengine hawajaonana kamwe. Lakini picha isipolingana na sauti, mnunuzi humkasirikia mwimbaji, akaiweka santuri kando baada ya wimbo mmoja, kana kwamba amedanganywa naye. Twauliza: mwimbaji ana deni gani kwa ahadi iliyotolewa na mkono wa mwingine? Sisi twaona hana. Mwenye kuchagua kwa macho ndiye mwenye deni, nalo ni kusikiliza pande zote mbili kabla ya kunena kwamba muziki ni mbaya. Wako wajibuo kwamba hawana nafasi. Upande mmoja wa santuri kubwa huchukua dakika kama 20.