Gitaa, Chatu na Hofu ya Kufa

Je, ni dhambi kupenda muziki unaotisha? Ulaya na Marekani swali hili limeulizwa kwa miongo kuhusu bendi kongwe za hevi metali, akina Black Sabbath, Judas Priest na Iron Maiden, ambazo mashabiki hawajazitupa hata baada ya nusu karne. Mpanda, mkoani Katavi, si mji wa muziki huo. Kwaya, Bongo Fleva na singeli vinatosha kujaza masikio ya watu. Hata hivyo Katavi inalijua swali lenyewe, kwa sura nyingine. Wafugaji wa Kisukuma walioshuka na ng'ombe wao hadi Mpimbwe na kwingineko mkoani wametoka katika utamaduni wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo mahasimu wake hukutana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana manju huumiza kichwa kutunga, dawa za mvuto hutafutwa, na wapo wachezaji wanaoingia uwanjani na chatu hai. Mtu angetarajia umati ukimbie. Umati husogea karibu.

Kusogea huko ndiko kunakohitaji maelezo, na maelezo yangu ni haya: muziki wa namna hii unadumu kwa sababu unawapa watu nafasi ya kuikodolea macho hofu wakiwa wengi, hofu ambayo kila mmoja angeikwepa akiwa peke yake. Black Sabbath ilianza Birmingham mwaka 1968, katika mji wa viwanda ambao mabomu ya vita yalikuwa yameuacha na makovu. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akavivaa vidoleni, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Sauti ikashuka, ikawa nzito. Kwa hiyo uzito unaosifiwa na mashabiki ulichangiwa na jeraha la kazini, wala hakuna haja ya kumsingizia jini. Nyimbo zao za mwanzo zilizungumzia vita, wazimu, dawa za kulevya na kifo, mambo ambayo vijana wa mitaa ile waliyajua bila kufundishwa.

Wahubiri watasema: hao si waimbaji wa kifo tu, ni waabudu shetani. Ushahidi hauungi mkono shtaka hilo. Geezer Butler, aliyeandika mashairi mengi ya Black Sabbath, alilelewa Mkatoliki, na wimbo wao "After Forever" wa mwaka 1971 unamsuta mtu anayeona haya kukiri kwamba anamwamini Mungu. Mwaka 1990, mahakama ya Reno, Marekani, ilisikiliza kesi ya familia za vijana wawili waliojipiga risasi, zilizodai kwamba Judas Priest walificha amri ndani ya wimbo. Jaji aliitupilia mbali. Ni kweli pia kwamba Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, alimng'ata popo kichwa jukwaani mwaka 1982, lakini kwa aliyezoea kuona chatu akichezeshwa, hilo ni igizo la kawaida kabisa. Lenye uzito zaidi ni la Norway, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya wanamuziki wa tawi moja la metali walichoma makanisa kweli. Hapo sina utetezi. Mtu akianza kuitumikia hofu badala ya kuitazama, amekwisha kupotea, na muziki wake hauwezi kumwokoa. Lakini hatari hiyo haiko kwenye gitaa tu: hofu ya uchawi imeua vikongwe wasio na hatia katika mikoa yetu ya magharibi bila msaada wa ala yoyote.

Wengine, wapole zaidi, watasema ni zilipendwa tu: wazee wanautafuta ujana wao. Wangekuwa sahihi kama mashabiki wote wangekuwa wazee. Nairobi, kundi la metali la Duma lilitoa albamu yake mwaka 2020. Botswana kuna vijana wanaovaa ngozi na kofia za wachunga ng'ombe kwa heshima ya bendi zilizoanza kabla hawajazaliwa. Na tarehe 5 Julai 2025, uwanja wa Villa Park huko Birmingham ulipofurika, Ozzy aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi kwa sababu maradhi ya Parkinson yalikuwa yamemnyima nguvu za miguu. Siku 17 baadaye alifariki. Aliyekwenda kutafuta ujana pale alikuta mzee anayekufa mbele yake, na bado akaimba naye.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la kidini hasa: kifo kina mahali pake, napo ni ibadani; kuking'oa na kukipeleka jukwaani ni kuiba. Nakubali nusu. Msalaba ni chombo cha kuulia, na Uislamu unamhimiza muumini azuru makaburi na kukumbuka mauti. Lakini ibada inayoahidi mafanikio kila Jumapili bila kutaja kaburi imeacha mahali hapo wazi, na haiwezi kumlaumu aliyepachukua. Katavi ina kumbukumbu ndefu ya kuikabili hofu. Karibu na Ziwa Katavi watu wameacha sadaka chini ya mkwaju wa mzimu wa mwindaji Katabi, na Karema, ambako wamisionari wa shirika la Mapadri Weupe walifika mwaka 1885, injili ilihubiriwa kwa watu waliokuwa tayari na namna yao ya kusimama mbele ya kinachowatisha. Shirika hilohilo baadaye, kupitia padri David Clement huko Bujora, Mwanza, liliikaribisha ngoma ya Kisukuma badala ya kuifukuza, na tamasha la ngoma la Bulabo hadi leo linaambatana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Kanisa lililompa mcheza chatu nafasi katika sikukuu ya Ekaristi halina sababu ya kuziba masikio mbele ya gitaa la Birmingham.