Msiikabe Mota Inayowalisha

Wapendwa wenye mashine za kusaga wa Bukura, sikieni! Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linakataza kulitwaa jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa anayelitwaa ameutwaa uhai wa mtu. Basi anayeichoma mota ya kijiji kwa pupa yake atajibu nini?

Msimsingizie shetani! Mota ya kasi ya mizunguko 1500 kwa dakika, ikibeba mzigo wake kamili, huzunguka kama 1440. Upungufu huo si uvivu, ndio unaoipa nguvu. Mahindi yakizidi, mwendo hushuka kidogo, mota huvuta stima zaidi, na msukumo wake hupanda hadi ulingane na mzigo. Yakipungua, hurudi mwendo wake. Huyumba, haianguki!

Lakini subira hiyo ina kikomo. Mkikivuka, kila inavyopungua mwendo ndivyo msukumo unavyoikimbia, mpaka isimame ikinguruma, ikivuta stima mara tano au sita ya kawaida. Na joto la waya hukua kwa mraba wa stima hiyo: mara 25, mara 36! Mota gani itaokoka katika tanuri hilo?

Tena kikomo chenyewe huhama. Jioni, stima ikishuka kutoka volti 415 hadi 332, yaani asilimia 80, msukumo wa juu kabisa wa mota hubaki asilimia 64 tu. Debe lililopita salama asubuhi laweza kuua jioni.

Nanyi rilei inayoilinda mota ikikata stima, mnaita fundi aipitishie waya kando! Mmemfunga mlinzi mdomo, kisha mwashangaa kuibiwa?

Geukeni leo! Washeni mashine ikiwa tupu, ishike mwendo, ndipo mmimine, tena polepole. Mnaishi jirani na Chuo cha Kilimo cha Bukura, hamna udhuru: kausheni mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, kwani mabichi huziba chekeche. Mlio ukizama, zuieni mkono. Fezi moja ya stima ikipotea, zimeni papo hapo. Rudisheni rilei, mkaiweke kwa kipimo cha kibao cha mota, si kwa tamaa. Nawe uliye kwenye foleni na gorogoro yako, usimhimize mwendesha mashine. Unaharakisha njaa yako mwenyewe.

Magunia yatakuja, na heri yaje! Iachieni mota akiba ya nguvu, ili kila inapoyumba iweze kurudi. Amina.