Maboresho Yasiyoombwa

Mwandishi wa programu za kompyuta, awe katika ofisi za Mji wa Serikali pale Mtumba au katika chumba cha kupanga karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, aghalabu hauchukii upya wa mfumo endeshi kwa kuwa ni upya. Kinachomuudhi ni kukuta asubuhi kazi aliyoiacha jana ikiwa salama imekataa kwenda, ilhali yeye hakugusa hata herufi moja: maktaba za programu zimehamishwa njia, hifadhidata haiamki, lugha aliyoitegemea imeondolewa, na ruhusa alizokwisha kuzitoa zinaombwa upya kana kwamba mwenye mashine ni mgeni katika nyumba yake.

Watu husema kuwa hasara yake ni muda. Naona hesabu hiyo ni pungufu. Mashine ya fundi wa miaka mingi imejaa mipangilio midogo midogo, na kila mpangilio ni jibu la swali lililowahi kumkosesha usingizi. Swali husahauliwa, jibu likabaki kazini kimya kimya. Mfumo mpya unapolifuta jibu, humrudishia swali mtu ambaye hakumbuki tena kwamba aliwahi kuulizwa. Kilichopotea hapo ni sehemu ya maarifa yake, iliyokuwa imewekwa amana nje ya kichwa chake, na aliyeipoteza hakujua kuwa ipo.

Uwanda huu wa kati umewahi kuionja kadhia ya namna hii, tena kwa uchungu mkubwa zaidi. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, Wagogo wengi walihamishwa kutoka katika matembe yao yaliyotawanyika wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa, ili shule, maji na zahanati ziweze kuwafikia. Nia ilikuwa njema, wala sina shaka nayo. Walakini mtu aliyejua ni bonde lipi hushika unyevu mvua zinapokuwa chache, na ni malisho gani husalia kiangazi kinapokaza, aliyaacha maarifa hayo mahali yalipokuwa, kwa kuwa hayakuwa mzigo wa kubebeka. Kung'olewa kwa binadamu katika ardhi yake hakuwezi kupimwa mizani moja na taabu ya mwandishi wa programu. Nimeyaweka karibu kwa sababu kosa la fikra ni lile lile. Mpangaji wa mambo huhesabu kwa uangalifu anachokileta, wala hakihesabu anachokiondoa, maana katika daftari lake hakina jina.

Insafu yanidai nikiri kwamba mfumo usiotengenezwa huwa mlango wa wezi, na ofisi zinazotunza kumbukumbu za raia haziwezi kukaa na mlango wazi kwa kuwahurumia mafundi. Mabadiliko mengine ni faradhi. Swali ni namna ya kuyatimiza, na katika hili mfano wa lugha ya Python una mafunzo. Toleo lake la 3 lilitoka mwaka 2008, nalo halikupatana na la 2 katika mambo mengi. Mwisho wa toleo la 2 ulikuwa umewekwa mwaka 2015, kisha mwaka 2014 walezi wake, walipoona wengi hawajawa tayari, wakausogeza hadi 2020. Hata muhula huo ulipokwisha, msimbo wake ulibaki wazi, na aliyeuhitaji aliweza kuuhifadhi na kuuendesha kwa dhima yake mwenyewe.

Linganisha na mwezi Oktoba 2019, Apple ilipotoa macOS Catalina, ambayo haikukubali tena programu za biti 32. Kampuni ilikuwa imetoa onyo mapema, na onyo hilo lilimfaa aliyeweza kuandika upya programu yake. Lakini yule ambaye kazi yake ilitegemea programu ya mtu aliyekwisha kuacha biashara, na ambaye hakuwa na msimbo wa programu hiyo, alionywa juu ya jambo asiloweza kulifanyia lolote. Taarifa haiwi idhini kwa kutangulia tu. Mtu huwa na hiari pale anapoweza kukataa na bado akaishi.

Kwa hiyo ninachokidai kwa watengenezaji wa mifumo ni njia ya kurudi, iliyo pana na ya kweli. Windows 11 kwa kawaida humwachia mtumiaji siku 10 za kurejea toleo alilotoka, kisha mafaili ya zamani hufutwa. Siku 10 zatosha kujua kama kioo kinawaka na kama printa inachapa. Lakini hesabu ya mishahara huendeshwa mara moja kwa mwezi, na matokeo ya mitihani ya chuo hukusanywa mwisho wa muhula. Na fundi atakayegundua siku hiyo kwamba kazi yake imevunjika, atakuwa amekwisha kuchelewa kurudi.