Mnunuzi naye ana ghishi yake

Ukitazama chini ya risiti nyingi za Kariakoo utakuta maneno haya: mali ikiuzwa hairudishwi. Sisi Waislamu wa mjini tunayajua vizuri, na tunajua pia kuyalalamikia. Khutba ngapi za Ijumaa tumesikia zikikemea wauzaji wanaopunguza vipimo, wanaoficha kasoro na wanaouza bidhaa bandia? Ni nyingi, na ni haki zisemwe. Lakini ni khutba ngapi tumesikia juu ya ghishi ya mnunuzi? Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo, na silizungumzi kama mtu aliyesimama pembeni. Limenikuta mimi mwenyewe, mwalimu wa dini.

Mwaka jana madrasa yetu ilichangisha fedha ili tuwe na chumba kidogo cha kurekodia darsa na tilawa za vijana. Kinamama wa darsa ya Jumamosi walitoa sehemu kubwa ya michango hiyo, wengine mia tano mia tano. Nikakabidhiwa kazi ya kununua vifaa. Miongoni mwake zilikuwa spika mbili za studio. Hizi si spika za kawaida za muziki. Spika ya sebuleni hutengenezwa ili ipendeze masikioni, huongeza mdundo na kuficha makosa. Spika ya studio kazi yake ni kukuletea sauti kama ilivyo, ili ukisikia kasoro katika ulichorekodi uisahihishe. Tulizinunua Kariakoo, jozi kwa shilingi 1,240,000, pamoja na karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja, ile ambayo wengi huiita waranti.

Siku ya pili yake spika moja ilianza kukwaruza. Nilichomoa waya wa sauti, mkwaruzo ukabaki. Nikabadilisha nafasi, ya kulia nikaiweka kushoto, mkwaruzo ukahama na spika ile ile. Kwa hiyo tatizo halikuwa la waya wala la mtambo wetu. Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani.

Muuzaji aliniambia maneno mawili. La kwanza, nisome risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. La pili, nimekwisha kuitumia. Hapo nilisimama imara, na sijutii. Katika fiqhi yetu kuna mlango mzima unaoitwa khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu alichokikuta na kasoro iliyokuwepo kabla hajakipokea. Mtume (SAW) alimpa haki hiyo mtu aliyeuziwa mnyama ambaye maziwa yake yamezuiliwa kiweleni ili aonekane ana maziwa mengi: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Ama kuhusu kuitumia, ipo kanuni iliyopokewa kwa Bibi Aisha (RA) kwamba manufaa ya kitu ni ya yule ambaye kingeharibika angebeba hasara yake. Siku zile mbili kama spika ingeibiwa, hasara ingekuwa yetu. Basi na matumizi ya siku mbili ni yetu pia, hayafuti haki ya kurudisha.

Na yale maneno ya kwenye risiti? Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, ameeleza kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii: muuzaji akishurutisha kuwa hana dhima ya kasoro, sharti hilo humwokoa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, si kwa vitu vingine. Spika si mnyama. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kuwa bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo inatakiwa iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Na tangu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tuna Tume ya Ushindani ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi zake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, asikutishe mtu kwa mstari mmoja wa risiti.

Muuzaji aliijaribu ile spika mbele yangu, akasikia mwenyewe, akatoa nyingine. Nilirudi madrasa nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Wiki ile ile nikawasomesha vijana wa kidato cha tatu mlango wa khiyari, mfano wangu ukiwa ni spika zetu. Kwa kweli nilijisifu kidogo.

Mwezi na nusu haukupita, spika moja ikazimika kabisa, na nyuma yake kulikuwa na harufu ya kuungua. Niliichukua hadi dukani nikiwa nimekunja uso. Muuzaji safari hii hakubishana. Alikumbuka ile ya kwanza, akaona pengine mzigo mzima una matatizo, akaniandikia karatasi, akanipa mpya. Ile mbovu akasema ataipeleka kwa msambazaji. Mpaka hapo, Allah ni shahidi, niliamini kuwa ni haki yetu.

Baada ya wiki tatu hivi, katika kipindi cha marudio, kijana mmoja aliuliza: "Maalim, je, kama mnunuzi ameharibu mwenyewe, halafu akarudisha bila kujua?" Nikamjibu kijuujuu. Lakini niliona hanitazami. Baada ya swala ya Alasiri alinifuata akanieleza. Yeye ndiye niliyemwachia ufunguo afute vumbi chumbani. Nyuma ya zile spika kuna swichi ndogo ya kuchagua umeme, 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Sehemu ya 115 ni kwa nchi kama Marekani. Umeme wetu sisi ni wa volti 230. Kijana aliisogeza kwa ncha ya kalamu ili ajue inafanya kazi gani, akaichomeka, ikawaka mara moja tu kisha ikafa. Aliogopa, akairudisha swichi mahali pake.

Niliitafuta karatasi ya dhamana na, nakiri, ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza. Imeandikwa wazi kuwa dhamana haihusu uharibifu utokanao na kuiunganisha na umeme usiostahili. Na fiqhi inasema hivyo hivyo: kasoro inayozuka mikononi mwa mnunuzi baada ya kukabidhiwa ni ya mnunuzi.

Sasa swali ndilo hili. Nilipoichukua spika mpya sikuwa nimedanganya. Nilisema nilichokijua. Hakuna aliyeniuliza swali nikalijibu kwa uongo. Je, nilikuwa na wajibu wa kurudi?

Nililipeleka jambo kwenye kamati. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyeanza kuijenga madrasa ile mimi nikiwa mtoto, alisema: "Ustadh, jambo limekwisha, usilifukue." Alikuwa na hoja tatu, na sitaki kuzidharau, kwa sababu ndizo hoja ambazo wengi wetu tunazo moyoni.

Ya kwanza: walitupa mbovu mwanzoni, wakatupotezea nauli na muda, basi sasa tumekuwa sawa. Jibu langu ni kuwa deni lile lilikwishalipwa siku tulipopewa spika ya pili. Kama tuliona nauli nayo ni haki yetu, tulipaswa kuidai siku ile kwa kauli iliyo wazi, kwa kiwango kinachojulikana. Mtu hajilipi mwenyewe kwa siri kutoka mfukoni mwa mwenzake kisha akaita jambo hilo uadilifu.

Ya pili: hasara haimfiki muuzaji, inakwenda kwa kampuni kubwa ya ng'ambo ambayo haitasikia chochote. Lakini nani anajua mnyororo ule unaishia kwa nani? Msambazaji akiifungua spika akakuta imeungua kwa umeme usiostahili, atairudisha kwa muuzaji wetu na kumwambia abebe mwenyewe. Na hata ikifika kwa kampuni, gharama za dhamana zimo ndani ya bei. Anayerudisha kwa hila anamlipisha mnunuzi mwingine aliye mkweli. Zaidi ya hayo, yale maneno ya hairudishwi tunayoyalaani, yamewekwa na tamaa za wauzaji peke yao? Wanunuzi wanaoazima nguo ya Idi kwa kisingizio cha kununua, wanaobadilisha betri ya simu kisha wakarudisha na kongwe ndani, nao wameshiriki kuyaandika.

Ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi: muuzaji yule si Muislamu, na mali hii ni ya michango ya Waislamu. Nilimkumbusha mzee wetu jambo tunalowasimulia watoto kila unapoingia mwaka mpya wa Kiislamu. Usiku Mtume (SAW) alipotoka Makka kuhama, nyumbani kwake kulikuwa na amana za watu, na watu wale walikuwemo miongoni mwa waliompinga. Alimwacha Ali (RA) nyuma, pamoja na hatari yote, ili kila amana imrudie mwenyewe. Kama kutofautiana kwa dini kungehalalisha mali ya mtu, ilikuwa ni usiku ule. Ama michango ya kinamama, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuogopa. Tunataka kurekodi Qur'ani kwa chombo ambacho hatuna haki nacho?

Nikaendelea kulifikiria peke yangu, nikaona kuwa kosa langu lilianza darasani. Miaka yote nimesomesha mlango wa khiyari kana kwamba umeshushwa dhidi ya muuzaji tu. Hadithi mashuhuri ya biashara, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inawataja wawili: wanaouziana wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Wawili, si mmoja. Na Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kumtaja nani? Inamtaja mtu anayetaka kipimo kamili anapopokea kutoka kwa wengine, lakini anapunguza inapofika zamu yake ya kuwapimia. Mtu huyo si lazima awe na duka. Mimi nilidai kipimo kamili kwa spika ya kwanza, mpaka kwa kitabu cha Minhaj. Nikinyamaza kwa ile ya pili, nimekuwa na mizani mbili.

Masahaba walilielewa hili. Jarir bin Abdillah (RA) alikuwa amempa Mtume (SAW) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Mtumishi wake akamnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi alimwambia mwenye mali kuwa farasi wake ana thamani zaidi, akawa anaipandisha bei mwenyewe mpaka ikafika 800. Yule alikuwa mnunuzi! Leo tukimwona mtu kama huyo sokoni tutasema hajui biashara.

Nilikwenda dukani siku ya Jumatatu. Msomaji asitarajie kuwa muuzaji alilia au alinikumbatia. Alikasirika. Alikuwa amekwisha kumwandikia msambazaji kuwa ni kasoro ya kiwandani. Alipiga simu mbili mbele yangu, akaniambia nirudi. Wiki iliyofuata tukakubaliana: spika mpya tubaki nayo, ile iliyoungua itengenezwe kwa gharama yetu, shilingi 160,000, na kwa kuwa ataiuza kama iliyokwisha kutumika, tumfidie 90,000. Jumla 250,000. Niliomba jambo moja tu, kwamba atakayemuuzia amwambie kuwa imetengenezwa. Akasema atamwambia.

Fedha ile hatukuitoa kwenye michango. Nusu nililipa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwachia mtoto chumba cha vyombo bila kumwelekeza, na nusu walilipa wajumbe watatu wa kamati. Mzee wetu hakutoa, na mpaka leo anaona tulitupa fedha. Tunasalimiana na kuswali safu moja. Kijana sikumwadhibu. Aliyoyafanya nyuma ya spika ni utundu wa mtoto. Aliyoyafanya baada ya swala ya Alasiri ni jambo ambalo mimi mwalimu wake nililihitaji wiki mbili kulifikia.

Ndugu yangu, kabla hujabeba kitu kukirudisha dukani, jiulize: kasoro hii nilikuja nayo kutoka dukani, au nimeizalisha mwenyewe? Je, muuzaji akijua ninachokijua mimi, angekubali? Na kama swali halikuulizwa, je, ninanyamaza kwa kutojua au kwa kutegemea kuwa hatauliza? Ukiwa na haki, idai bila ya haya wala woga, na usikubali kutishwa na risiti. Lakini haki hiyo inamfaa mtu ambaye kesho yake, kosa likiwa la kwake, atapita mlango ule ule kwenda kulisema.

Wallahu a'lam.