Jirani wa Msimu

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi, na aghalabu hutokea mwanafunzi akauliza: je, na mgeni akaaye miezi saba? Zamani tulimjibu kwa mzaha. Tangu tulipopata kukaa siku kumi kando ya mto Colorado, katika jimbo la Arizona huko Marekani, mzaha huo umetutoka.

Ilikuwa mwezi wa Januari. Rafiki zetu, mume na mke waliostaafu kazi, walitukaribisha katika gari-nyumba lao, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Watu wa namna yao ni wengi mno. Baridi iingiapo kaskazini, hata huko Kanada, hufunga nyumba zao wakashukia jangwani kusini, ambako jua la Januari ni la upole. Na joto la kiangazi, lipitalo nyuzi 40, likaribiapo, hurejea makwao. Jina lao huko ni "ndege wa theluji". Katika ardhi ya umma ya jangwa lile, kwa kawaida mtu huruhusiwa kupiga kambi mahali pamoja siku 14 tu. Lakini tangu 1983 serikali imetenga maeneo, kama vile La Posa karibu na Quartzsite, na jingine karibu na bwawa la Imperial mtoni, ambapo aliyelipa ada aweza kukaa tangu 15 Septemba hata 15 Aprili. Kambi za watu binafsi zilizo ukingoni hugawanywa viwanja vyenye namba, kila kimoja na bomba lake la maji na umeme wake, na msimu ukichanganya hujaa pomoni.

Kambi yetu ilikuwa ya namna hiyo ya pili. Kati ya gari na gari palikuwa na hatua chache, hata kikohozi cha jirani kilisikika. Wengi hawakujuana majina ya ukoo. Hata hivyo, bibi mmoja wa kiwanja cha pili alipougua, tuliona supu ikipelekwa kwake asubuhi na jioni, na zamu ya kumpeleka kwa daktari ikapangwa bila mkutano wowote. Twakiri kwamba tulikwenda tukidhani ujirani ni mali yetu Waafrika, tukaona haya.

Usiku wa sita, yapata saa mbili, alikuja mama mmoja na watoto wawili, akivuta gari-nyumba dogo lililochakaa. Gesi ya kuwapasha moto ilikuwa imemwishia, na usiku wa jangwa ni baridi kweli kweli. Kibao cha langoni kilisema kambi imejaa. Mlinzi akamweleza kwa adabu kwamba kanuni ni gari moja kwa kiwanja kimoja. Nyuma ya gari la wenyeji wetu palikuwa na nafasi, nasi sote tulisikia maneno yale kupitia dirishani. Mwenyeji wetu akasema polepole, "Kila mtu hapa amelipa." Sisi, wageni wa mgeni, tulinyamaza. Taa za yule mama zikarudi barabarani.

Si vyema kumhukumu mtu upesi. Kanuni ile ina sababu zake: maji machafu, hatari ya moto, na akiingizwa mmoja leo, kesho watakuja kumi. Lakini twauliza, mtu aliyelipa ada amekwisha kupewa jembe? Kwetu jembe halikuwa malipo ya kulala. Lilimhesabu mgeni miongoni mwa watu wa mji, na aliye wa mji hana budi kumpokea ajaye baada yake. Wale waliopeleka supu walikuwa na jembe mkononi mchana, wakaliweka chini usiku. Na sisi pamoja nao.

Tena, ni nani hasa mwenye haki ya kuandika kwamba pamejaa? Kandokando ya mto huo, penye mji wa Parker, ni nchi ya Wamohave na Wachemehuevi, waliotengewa eneo mwaka 1865. Wahopi na Wanavajo waliongezwa baadaye. Mwaka 1922 majimbo saba yaligawana maji ya mto kwa mkataba, na wenyeji hao hawakuketishwa barazani. Meksiko ilipata fungu lake kwa mkataba wa 1944, na leo ni nadra maji hayo kuifikia bahari. Huko Quartzsite lipo kaburi la Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa na jeshi mwaka 1856 akafariki 1902. Ulimi wa mahali pale ukamwita Hi Jolly. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa jina hilo. Yeye naye alifika akiwa mgeni, wala hakurudi.

Asubuhi ya kuondoka kwetu tulimwona mwenyeji wetu nyuma ya gari, peke yake, akipima kwa miguu nafasi iliyobaki. Alipata hatua kumi na mbili. Akarudi akazipima tena, kisha akaingia ndani kutupikia chai.