Mpunga, Urea na Wajibu wa Kiasi

Mpunga wa majarubani hautumii hata nusu ya naitrojeni unayopewa. Kwa kawaida ni asilimia 30 hadi 40 tu ya mbolea iliyotiwa ndiyo huingia kwenye mche. Iliyobaki hupotelea hewani, mitoni na ardhini. Kwa sababu hiyo watafiti wa mbegu huko China, Ufilipino na kwingineko wanatafuta aina za mpunga zitakazotoa mavuno yaleyale kwa mbolea pungufu. Kazi hiyo huelezwa kwa lugha ya jeni na takwimu, lakini ndani yake limo swali la zamani la maadili: binadamu anapofuja, je, wajibu wake ni kujizuia, au yatosha kuubadili mmea ili ufujaji wake usilete madhara?

Upotevu huo huanzia palepale jarubani. Mkulima akirusha urea majini, punje zake nyeupe huyeyuka upesi, na vimeng'enya vya udongoni huigeuza kuwa amonia. Jua likipanda, mwani unaoelea juu hunyonya kaboni dioksidi iliyomo majini, maji yanapoteza uasidi wake, na kufikia alasiri sehemu ya amonia hiyo imekuwa gesi na kupaa. Sehemu nyingine bakteria huigeuza kuwa naitreti inayosombwa na maji, au naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo yake moja huipasha dunia joto zaidi ya mara 250 kuliko kilo ya kaboni dioksidi katika miaka 100. Mkulima hupoteza fedha zake, na hilo ni lake. Lakini wanaochota maji chini ya mto na watakaozaliwa baadaye hubebeshwa gharama wasiyoulizwa, na hapo suala linatoka mfukoni mwa mtu mmoja na kuingia katika haki.

Kwa sehemu fulani, hali hii ilichaguliwa na binadamu mwenyewe. Mwaka 1966 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, ilitoa aina iitwayo IR8, iliyozaliwa kwa kuchavusha Peta ya Indonesia na mpunga mfupi wa Taiwan uitwao Dee-geo-woo-gen. Mpunga wa zamani, ukipewa mbolea nyingi, hurefuka na kulala kabla ya kuvunwa. IR8 ilikuwa fupi, ikasimama na masuke yake mazito, na mamilioni ya watu wa Asia wakashiba. Gharama yake ilikuja kueleweka baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa protini zinazoufanya mmea ubaki mfupi ndizo pia zinazopunguza uwezo wake wa kuvuta naitrojeni, na kwamba jeni iitwayo GRF4, ikiongezwa nguvu, inaweza kuurudisha uwezo huo bila mmea kurefuka. Mwaka 2021 watafiti wa China walieleza kuhusu jeni nyingine, OsTCP19, inayoathiri idadi ya machipukizi kulingana na naitrojeni iliyopo. Aina moja ya jeni hiyo imeenea katika mpunga wa porini, lakini imetoweka kwa kiasi kikubwa katika mbegu za kisasa. Ilipoingizwa tena katika mbegu bora, matumizi ya naitrojeni yaliboreka kwa asilimia 20 hadi 30 pale mbolea ilipopunguzwa. Katika mashamba yenye mbolea tele, sifa hiyo haikuwa na wa kuitamani.

Pingamizi la kwanza la kidini ni kwamba kazi hii inaingilia uumbaji. Halina uzito mkubwa. Mpunga unaolimwa leo ni matokeo ya maelfu ya miaka ya watu kuchagua masuke yasiyopukutisha punje, na kurudisha jeni iliyopotea ni kuingilia kidogo kuliko kule kulikoipoteza. Hata pale jeni inapohamishwa kutoka mmea wa jamii nyingine, viongozi wa dini hawakukimbilia katazo la jumla. Baraza la Maulamaa la Indonesia, katika fatwa yake ya mwaka 2013, liliruhusu uhandisi jeni kwa masharti, likiwamo la kuwa na manufaa na kutoleta madhara. Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alikiri kuwa ni vigumu kutoa hukumu moja kwa mazao yote ya aina hiyo, akaonya zaidi juu ya ardhi na faida kurundikana mikononi mwa wachache. Mafundisho ya dini zote mbili humwona binadamu kuwa msimamizi, naye msimamizi huulizwa amekitumiaje alichokabidhiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la israfu. Katika Uislamu ubadhirifu ni kosa hata kama mali ni ya mtu mwenyewe. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwa njia yake aliuhesabu wema kuwa tabia inayojengwa kwa kurudiarudia tendo. Kwa mtazamo huo, mbegu inayobana matumizi haimfundishi mtu kiasi. Inamwondolea tu matokeo ya kukikosa. Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliona jambo linalofanana na hilo mwaka 1865: injini zilizotumia makaa kwa ufanisi zaidi ziliongeza matumizi ya makaa nchini Uingereza, kwa kuwa kazi nyingi zaidi zilianza kulipa. Mkulima mwenye mpunga unaoitikia mbolea vizuri naye anaweza kushawishika kutia ileile ya zamani, au kuzidisha, hasa urea ikiwa na ruzuku.

Hata hivyo, kudai kiasi kwa amri tu kumekuwa na matokeo machungu. Aprili 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani karibu kwa siku moja. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, nchi ikaagiza mchele kutoka nje, na marufuku yakalegezwa kabla ya mwaka kwisha. Ipo njia ya katikati, na haina makeke: kadi ya plastiki yenye vivuli vya kijani ambayo mkulima huilinganisha na jani la mpunga ili ajue kama wakati wa kutia mbolea ya kukuzia umefika, na vidonge vya urea vinavyofukiwa kwenye tope kati ya miche minne, mbali na jua na mwani. Njia hizi hujenga tabia ambayo Aristotle angeitambua. Ila kufukia vidonge ni kuinama kutwa nzima, na mara nyingi wanaoinama ni wanawake na vibarua. Anayehimiza mwenendo mwema bila kuuliza ni mgongo wa nani utakaoulipia hajamaliza hoja yake. Mbegu bora humpunguzia mtu huyo kazi, na hiyo ni sababu ya kimaadili ya kuitafuta.

Barani Afrika swali linageuka kabisa. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika, walipokutana Abuja, walilenga matumizi ya virutubisho vya mbolea yapande kutoka wastani wa kilo 8 hadi kilo 50 kwa hekta ifikapo mwaka 2015, lengo ambalo halikufikiwa. Mkulima asiye na mbolea hawezi kuhubiriwa kiasi, kwa maana hana anachokifuja. Mradi ulioratibiwa na taasisi ya AATF ya Nairobi ulitia katika NERICA, mpunga uliozalishwa kwa ajili ya Afrika, jeni ya shayiri inayosaidia matumizi ya naitrojeni, na majaribio yake yakafanyika Uganda, Ghana na Nigeria. Nia ilikuwa njema, lakini kuna hatari ambayo hutajwa mara chache. Mpunga unaovuta naitrojeni kwa ustadi katika udongo usiorudishiwa kitu hukomba akiba ya udongo huo, na deni humwangukia atakayelima baadaye. Kwa hiyo mbegu ileile humdai mkulima wa Jiangsu, China, apunguze mbolea, na humdai wa Kilombero, Tanzania, arudishe samadi, mabua au jamii ya kunde shambani.

Linabaki suala la nani atafaidika, na hapa mpunga una sifa inayowapendelea wanyonge. Hujichavusha wenyewe. Mbegu isiyo chotara, ikishafika kijijini, inaweza kutengwa kutoka mavuno ya msimu na kupandwa tena, au kupewa jirani, bila sifa yake kupotea haraka. Kinachoweza kuzuia hilo ni hati za umiliki na masharti ya leseni. Taasisi za umma zinazofanya utafiti huu kwa fedha za walipakodi zinapaswa kuzitoa mbegu hizo bila kufuli hilo, na kuzijaribu kwanza katika majaruba yenye mbolea kidogo kama ya watu watakaozilima.