WAZO LA LEO: Hasira Isiyotenda Haki

Soma: 2 Samweli 13

Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Mfalme Daudi, alijifanya mgonjwa, akamwomba baba yake amtume Tamari, dada yake wa baba mmoja, aje kumwandalia chakula. Tamari akaja, akakanda unga, akaoka mikate. Amnoni akambaka, kisha akaamuru atolewe nje na mlango ufungwe. Binti yule hakunyamaza. Alirarua vazi lake, akajitia majivu kichwani, akaenda zake akilia kwa sauti.

Walionyamaza ni wengine. Absalomu, kaka yake Tamari wa baba na mama mmoja, alimwambia atulie, kwa kuwa aliyemkosea ni ndugu yake. Daudi alipopata habari alikasirika sana, lakini Biblia haitaji adhabu yoyote aliyompa mwanawe. Miaka 2 baadaye, Absalomu aliandaa sherehe ya kukata kondoo manyoya, na huko akaamuru Amnoni auawe. Mwishowe akamwasi baba yake mwenyewe, na Daudi akaukimbia mji wa Yerusalemu.

Maandiko hayakuificha aibu ya nyumba ya mfalme. Yanatuonyesha kwamba uovu ukifunikwa kwa jina la undugu haufi, huzaa mwingine. Msamaha una nafasi yake, lakini haki ya aliyeumizwa haipaswi kusubiri.

Leo, akitokea mtu wa ukoo wako anayesema ametendewa uovu, usimwambie atulie. Msikilize, msimamie, hata kama aliyemkosea ni mwanao.